Kikombe Kizima cha Maharagwe

Dada yangu alikuwa na desturi ya kutupa karata zake kabla hajaziangalia vizuri. Akishagawiwa tano, alizifungua pembeni kidogo, kama mtu anayechungulia mgeni mlangoni, kisha akazilaza kifudifudi juu ya stuli na kusema, "Mimi sina." Haragwe lake moja la kuingilia lilibaki pale katikati, nasi watatu tukaendelea bila yeye. Alhamisi nyingi zilipita hivyo katika chumba chake cha Kambi Muru. Mimi niliyewafundisha mchezo huo nilirudi Kawangware nimechoka, nikijiuliza kwa nini nilijisumbua.

Mchezo wenyewe ni poka. Si ile ya vijana wa mtaani, ya kushindana nani atamaliza karata kwanza. Yetu ni ya kushika karata tano, ambazo kwa pamoja huitwa mkono, kubadilisha mara moja zile usizozitaka, kisha kuweka dau. Anayeziamini karata zake husukuma maharagwe mbele. Wengine ama waweke sawa na yeye, ama watupe karata zao na kumwachia yaliyo katikati. Wakibaki wawili au zaidi, karata hufunuliwa, na mwenye karata bora huchukua yote. Wafalme watatu ni mkono mzuri. Wafalme watatu pamoja na nane mbili ni mkono wa kukufanya usahau kupumua.

Nilifunzwa na mzee mmoja niliyemtunza miaka kumi na mitatu, katika nyumba ya mawe ng'ambo ya bonde kutoka Kawangware. Alikuwa mwalimu mstaafu, mgane, miguu imemkataa, na watoto wake walikuwa nchi za mbali. Alihitaji mtu wa kucheza naye, na ndani ya nyumba ile nilikuwepo mimi tu na ufagio wangu. Tulichezea vifungo vya mashati. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba karata mbovu hazimsumbui mtu, unazitupa, basi. Shida ni kushika karata nzuri ukiwa umezungukwa na waoga. Ukisukuma vifungo vingi wanatoroka wote, nawe unabaki na ushindi wa vifungo vitatu vinne. Ukisukuma kidogo watakufuata, lakini huenda siku ikaisha kabla hujafika popote. Kila mara ni lazima uamue upya. Halafu kulikuwa na jambo la tatu, ambalo nililiweka moyoni bila kulitumia kwa miaka mingi: mwoga akisukuma mbele, mwamini, hata kama wewe mwenyewe umeshika wafalme. "Huyo," mzee alisema, "amekaa siku nzima akingoja hiyo."

Najua wapo watakaosoma haya na kutikisa kichwa. Nikiwa msichana nilisomea Maandiko miaka miwili katika chuo cha kanisa letu kule Kitui. Nimefundisha Shule ya Jumapili mpaka wale watoto wakaniletea watoto wao. Najua karata zinavyosemwa. Nilimwomba Mungu juu ya jambo hili kwa muda mrefu, na sikusikia katazo, ila nilijiwekea masharti: pesa isiguse stuli yetu, na mtu asirudi kwake na njaa kwa sababu ameshindwa. Kwa hiyo tulicheza kwa maharagwe makavu, kikombe kimoja kwa kila mtu. Mchezo ukiisha, maharagwe yote, ya aliyeshinda na ya aliyeshindwa, yalirudi kwenye kopo moja, na Alhamisi iliyofuata yalipikwa na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa tuliyolelewa nayo. Aliyemaliza akiwa na maharagwe mengi alipata jambo moja tu. Yeye ndiye aliyeombea chakula siku hiyo.

Dada yangu hakuwahi kuomba hata mara moja.

Wachezaji wengine walikuwa wawili. Mmoja ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, mama kutoka ziwani, muuza omena, wale dagaa wadogo, aliyetuita mimi na dada "nyamera", yaani dada yangu kwa lugha ya kwao. Wa pili ni fundi wa viatu, mzee wa Machakos mwenye kibanda upande wa Ayany, aliyefunga kazi kila Alhamisi baada ya saa sita na kushuka kwetu na sindano bado ziko mfukoni. Wote watatu walikuwa waangalifu kupita kiasi. Watu waliopanga nyumba miaka arobaini, ambao kesho yao haijawahi kuwa mikononi mwao, hawasukumi kitu mbele ovyo, hata kama ni haragwe.

"Huyu wa Kawangware ameshika kitu," fundi alikuwa akisema. "Tazameni anavyopumua."

"Ni kifua tu, mzee."

"Kifua gani. Mimi natoroka."

"Ngoja kwanza," mama muuza omena akasema. "Nyamera, kwani umeweka ngapi?"

"Mbili."

"Mbili nitaweka. Ukiongeza ya tatu, usinitafute."

Hivyo nilijifunza kuwavuta kwa haragwe moja, kisha mbili, nikiwa nimeshika mkono ambao ungestahili kikombe kizima. Mara nyingine niliona kama ni udanganyifu. Niliwahi kuunyamazisha moyo wangu kwa kusema kwamba hata Mungu hakuja kwetu na nguvu zake zote kwa mara moja, ila sijui kama hoja hiyo ingepita mbele ya walimu wangu wa chuo.

Ndipo kukaja habari ya mguu.

Dada yangu ana sukari. Kidonda kilianzia kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, mahali ambapo kiatu kilimkata naye hakusikia. Alikifunga kwa kitambaa akanyamaza. Nilipokigundua, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Daktari wa hospitali kubwa aliniambia mimi pembeni, kisha akamwambia yeye mbele yangu, kwamba mguu lazima ukatwe chini ya goti, na kwamba ukiachwa, ule weusi utapanda mpaka umchukue. Alihitaji tu dada yangu akubali na kutia sahihi.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Asante daktari," akasema. "Nitafikiria."

Nje, kwenye benchi, aliniambia, "Huu mguu umenitoa Kitui. Nimekubeba wewe mgongoni na huu mguu mpaka mtoni na kurudi. Sasa nitauambia nini?"

"Utauambia asante."

"Na siku ya ufufuo, nitaamka na upi?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nilieleza juu ya mwili mpya, nikaeleza juu ya wale walioliwa na simba na wale waliozama baharini. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, mpaka mlinzi wa mlangoni akasogea kusikiliza. Dada yangu alingoja nimalize.

"Umesoma sana," akasema. Nilijua ametupa karata.

Nilirudi Kawangware nikaanza kukusanya mkono wangu. Nilipata ahadi ya kitanda hospitalini. Nilimpata mwanawe, mwenye duka la misumari na mabati pale kituo cha Kawangware 56, akakubali kufunga duka na kumpeleka mama yake kwa gari. Nilimpata mchungaji, ambaye dada yangu humheshimu kuliko daktari yeyote. Nilipata akina mama wawili wa kanisa wa kukaa naye zamu kwa zamu akirudi nyumbani. Nilivitazama vyote hivi nikamshukuru Mungu, kwa sababu sikuwa nimewahi kushika mkono wenye nguvu namna hiyo maishani. Nikaamua kuusukuma wote mbele kwa pamoja.

Tulifika kwake Jumapili baada ya ibada, sote watano tukiwa na nguo za kanisa. Akina mama walibeba chai kwenye flaski. Mwanawe alisimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Tuliimba wimbo mmoja, mchungaji akasoma na kuomba, akaweka mkono juu ya kichwa cha dada yangu, kisha kila mmoja akasema neno lake. Dada alimwangalia mmoja baada ya mwingine. Hakubisha.

"Asanteni kwa kuja," akasema. "Mimi sina la kusema."

Jumanne asubuhi mama muuza omena alinipigia simu. "Nyamera, njoo. Dada yako anagawa vitu."

Nilikuta amempa msichana wa nyumba ya tatu leso zake mbili. Jiko dogo limeenda kwa mjane wa nyuma. Sufuria yake kubwa, ile ya muthokoi, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza mjini, ilikuwa kwa mama muuza omena, ambaye alikuwa ameishika mapajani akilia.

"Unafanya nini?" nikamwuliza dada.

"Najitayarisha."

"Nani amekwambia ujitayarishe?"

"Si nyinyi? Mmenijia na mchungaji na flaski."

Nilikaa chini. Kati ya mambo yote niliyoyafikiria, hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Katika kanisa letu mgonjwa wa kawaida hutembelewa na akina mama wawili watatu. Mchungaji akija nyumbani pamoja na watu wa ukoo, wakaimba na kuweka mikono na kila mmoja akasema neno, huyo ni mtu ambaye daktari amemrudisha nyumbani. Mimi mwenyewe nimekaa katika vyumba vya namna hiyo zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka, na mara nyingi humo flaski ya chai nilikuwa nimeibeba mimi. Nilikuja kumwambia dada yangu aishi, nikamwimbia wimbo wa kumuaga.

Kesho yake sikutoka nyumbani kutwa nzima. Magoti yaliuma, lakini si magoti yaliyonizuia. Nilikuwa nimechoka kwa ndani, mahali ambapo usingizi haufiki. Niliomba, na maombi yenyewe yalikuwa mafupi. Nilimwambia Mungu kwamba sijui kucheza.

Alhamisi nilienda kama kawaida. Sikutaja hospitali. Tulicheza, tukala, na nilipokuwa nikifunga viatu nikamwambia, "Kesho nitapita hapa. Twende ile kliniki ya upande wa Ayany wakuoshee kidonda. Kuosha tu."

"Kuosha tu?"

"Kuosha tu."

Alikwenda. Hilo lilikuwa haragwe la kwanza. Baada ya hapo alioshwa mara mbili kwa wiki. Wiki ya pili nilimwomba tukae dakika chache na mama mmoja muuza mboga karibu na kliniki, anayetembea kwa mguu wa bandia. Dada hakumwuliza chochote, ila alimtazama akiinuka kuchukua fungu la sukuma wiki, akamtazama akikaa, kisha akasema tumpe nafasi auze. Tukiwa njiani aliniuliza, "Hivi akilala, anauvua?" Nikasema sijui. Safari iliyofuata alimwuliza mwenyewe.

Wiki ya tatu nilileta ile karatasi ya hospitali ya kutia sahihi nikaiweka juu ya kabati. Sikumpa kalamu. Alijua iko pale, nami nilijua anajua.

Hivi ndivyo unavyocheza na mtu mwangalifu, lakini karatasi haikuwa kitu pekee kilichokuwa kikingoja. Weusi ulikuwa ukipanda. Muuguzi wa kliniki alinivuta pembeni akasema hatuna wiki nyingi, na kwamba ukivuka pale alipoonyesha kwa kidole, kukata chini ya goti hakutasaidia tena. Niliporudi kwenye benchi, dada alikuwa akinisoma uso.

"Amesema nini?"

"Amesema tuendelee kuja."

Huo ulikuwa uongo, na niliubeba nyumbani kama gunia. Ningesukuma kwa nguvu angekimbia tena, na safari hii hakuwa na sufuria nyingine ya kugawa. Nikinyamaza, ningemsindikiza polepole, kwa upole mwingi, mpaka kaburini. Niliamua kwamba Alhamisi, chakula kikiisha, nitamwambia yote hata iweje.

Alhamisi hiyo sikuweza kuzingatia mchezo. Mama muuza omena alikuwa ameweka muthokoi jikoni mlangoni pake, ndani ya ile sufuria ya dada, na harufu ilikuwa ikiingia. Fundi alisema hii ya mwisho, kuna mtu atakuja kuchukua viatu. Akagawa. Nikafungua karata zangu nikaona wafalme watatu. Nilibadilisha mbili, nikapata nane na nane.

Sikuwa na subira iliyobaki. Nikasukuma maharagwe matano.

"Haya sasa," fundi akasema. "Kifua kimepona." Lakini sijui nini kilimwingia, akaweka matano. Mama muuza omena alinung'unika kwa lugha ya kwao, akahesabu matano yake mara mbili, akayaweka. Tukamgeukia dada, ili aseme lile neno lake tuendelee.

Dada alikuwa bado ameshika karata zake. Alichukua kikombe chake, chote, akakimimina katikati ya stuli. Mengine yalianguka sakafuni, hakuyaokota.

Kisha fundi akatupa karata zake. "Mama huyu simjui," akasema. "Mimi nilikuwa nacheza na mwingine." Mama muuza omena alitupa zake.

Nilibaki mimi. Nilikuwa na mkono ambao mtu huupata mara chache sana. Nilimtazama dada, naye hakuyaepuka macho yangu. Nikamkumbuka mzee wangu na vifungo vyake. Mwoga akisukuma mbele, mwamini. Nilizilaza karata zangu kifudifudi.

"Chukua," nikasema.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda. Wewe ndiye unaomba."

Mama muuza omena alileta sufuria ndani akaiweka sakafuni. Dada alisimama, ingawa tulimwambia akae. Alishika ukuta kwa mkono mmoja.

"Baba," akasema, "mimi sijazoea. Huyu mdogo wangu ndiye huongea na wewe. Mguu huu ulinipa, nimetembea nao, sina malalamiko. Nimeuliza maswali yangu yote, wamenijibu, isipokuwa moja, na hilo utanijibu wewe mwenyewe tukionana. Jumatatu nitaenda wakaukate. Naogopa sana. Bariki chakula hiki na mikono iliyokipika. Amina."

Tulisema amina, si kwa pamoja. Nilihisi mabega yangu yakishuka kama mtu aliyetuliwa mtungi wa maji.

Fundi hakuweza kuvumilia. Wakati wa kupakua alinyoosha mkono akafunua karata za dada. Malkia, nane, tano, tatu, mbili. Alizipanga, akazipangua, akatafuta kinachofanana na kingine, hakuna.

"Mama, hapa hamna kitu."

"Najua."

"Sasa ulisukuma nini?"

"Nilitaka kuomba," dada akasema. "Niseme mbele yenu na mbele ya Mungu, nisipate njia ya kurudi nyuma. Na hapa haombi mtu asiyeshinda. Nikingoja karata nzuri, mguu utaniua." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa na nini?"

"Wafalme watatu. Na nane mbili."

"Na ukatupa?"

"Nilikuamini."

Alicheka, cheko dogo ambalo sikuwa nimelisikia tangu kidonda kianze. "Miaka yote hii natupa karata. Nani angefikiri siku nikisukuma nadanganya?" Kisha akakunja uso. "Mungu atanisamehe hiyo?"

"Ameshasamehe makubwa kuliko hiyo. Juzi mimi pia nilikudanganya juu ya muuguzi."

"Nilijua. Uso wako si wa karata."

Tulikula. Dada alimaliza sahani yake, akaifuta kwa kidole, kisha akamwambia mama muuza omena, "Nyamera, hiyo sufuria nilikupa nikidhani nakufa."

"Ulinipa, ndiyo."

"Basi ukimaliza kupakua, uioshe uirudishe."

"Hata hospitali hujaenda."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Jumatatu mwanawe alikuja na gari mpaka lilipoweza kufika, akamshika mkono kushuka na kupanda. Hapakuwa na mchungaji wala flaski. Hospitalini dada aliomba nimsomee ile karatasi mara tatu, kila mstari, na kila mara alinisimamisha mahali pale pale, panapotaja mguu wa kushoto, ili ahakikishe wameandika wa kushoto. Kisha akatia sahihi polepole, akapuliza wino ambao ulikuwa umekauka tayari.

Sasa miezi imepita. Alhamisi bado nashuka Kambi Muru, polepole kuliko zamani, na nikifika huwa nimechoka kiasi kwamba dada ndiye anayeniuliza kama niko sawa. Ana magongo mawili na kiti chenye mto. Sufuria iko mahali pake. Kila siku ninapoiona namshukuru Mungu, kimya kimya, kabla sijavua kitambaa cha kichwa.

Bado hutupa karata zake. Bado husema, "Mimi sina." Ila mara moja moja, labda mara moja katika mwezi, hukishika kikombe chake na kukitazama, na sisi watatu tunaacha kuongea. Mimi niliyewafundisha mchezo huu sijui tena nifanye nini na wafalme wangu.